Sauti ya Bi Mize

Jumatano, baada ya Magharibi

Sijui nilikuwa nawaza nini. Asubuhi kaingia mgeni kwenye grupu letu la simuni la watu wa kijiji cha Shumba, msichana anayesoma Unguja. Kaandika, “Hodi.” Mpaka alasiri hakuna aliyemjibu.

Kukaribisha wageni ilikuwa kazi ya Bi Mize. Kila mmoja alimrekodia sauti: “Karibu mwanangu, wewe mtoto wa nani?” Tumemzika mwezi uliopita. Mimi, admini, najua kubandika masharti ya grupu tu.

Nikaona haya. Nikaitafuta sauti yake ya zamani, nikaituma bila ya maelezo.

Msichana kajibu hapo hapo: “Ahsante bibi! Mie wa Mzee Hamadi. Nikija Idi nitakuja kukusalimu.”

Ujumbe wake tumeusoma sote. Hakuna aliyemwambia, hata mimi.