Neno la Mwisho la Mzee Ambakisye

Jumatatu, 6 Oktoba
Ibada ya asubuhi, kisha chai na ndizi za kuchemsha. Naandaa somo la wazee wa kanisa. Kitabu nilichoazima kinahusu udenguzi: maandishi hayana maana moja iliyotulia, neno huvuta neno jingine, na mwandishi akishaondoka harudi kutusahihisha. Kinanivutia. Kinanitisha pia. Nikikubali yote, Jumapili nitasimama madhabahuni kusema nini?

Jumanne, 7 Oktoba
Somo limekwenda vizuri. Niliwaambia wasikimbilie kusema "Biblia inasema", kwa sababu kila msomaji anakuja na yake. Gwakisa, mmoja wao, aliandika sana. Maskini, baba yake, Mzee Ambakisye, tumemzika juzi tu huko Makwale. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Na majivuno kidogo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Familia ya marehemu inagombana. Kabla ya kukata roho, mzee aliwaambia Gwakisa na dada yake Tupokile: "Mwangalieni Sekela." Sekela ni mke wake wa pili, ndiye aliyewalea baada ya mama yao kufariki. Tupokile anasema baba alitaka wamtunze. Gwakisa anasema aliwaonya wakae macho naye. Anataka mama huyo arudi kwao Talatala, aache nyumba na shamba la kokoa.

Amekuja kwangu leo. "Mchungaji, si wewe uliyesema neno halina maana moja?"

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na ile furaha yangu ya Jumanne.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekisoma upya kile kitabu. Kusema neno lina maana nyingi si kusema chukua inayokufaa. Hilo sikulifundisha. Mwalimu wangu wa chuo alituambia tafsiri ya Maandiko isiyokupeleka kumpenda Mungu na jirani haijafika, rudi ukasome. Lakini haya si Maandiko. Ni mgonjwa kitandani, pumzi zinamwishia. Nimeomba. Sijatulia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kikao cha ukoo, Makwale. Waliniuliza mzee alimaanisha nini. Nikasema sijui, na sidhani kama kuna anayejua. Minong'ono. Baba mdogo wa Gwakisa akauliza basi mchungaji kaitiwa nini. Niliona aibu. Nikawaomba watuambie mzee alizoea kulitumiaje neno hilo alipokuwa mzima.

Sekela akaomba kusema. Alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Hakulia. Alimtazama Gwakisa.

"Ulipougua degedege, baba yako alikuwa anasafiri. Akaniambia, mwangalie Gwakisa. Nilikuwa mgeni nyumba hii. Sikukuweka chini mpaka aliporudi."

Akaendelea.

"Ulipoanza pombe, akaniambia tena, mwangalie Gwakisa. Nikakufuata vilabuni Mbugani. Alikuwa ananionya, au alikuwa ananiomba? Sikumuuliza. Kwangu ilikuwa kazi ileile, mwanangu."

Gwakisa alitoka nje. Tupokile alikuwa analia. Baba mdogo hakutafuta maneno mengi: Sekela anabaki, nyumba na shamba ni vyake maisha yake yote.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimehubiri kwa kifupi. Gwakisa hakuja kanisani. Nilitazama nafasi yake ibada nzima. Nashukuru kwa ajili ya Sekela, ila sijui kama nimempoteza Gwakisa. Bado naamini maneno yanateleza. Naamini pia kwamba kuna watu wanaoyashika kwa mikono yao yasianguke. Sijui kitabu kingesemaje hapo.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimepita Makwale baada ya mvua. Gwakisa alikuwa shambani anakata kokoa. Sekela alikuwa kivulini anapasua maganda, anatoa mbegu, anazitia kwenye ndoo. Hawakuwa wakizungumza. Ndoo ilipojaa, Gwakisa alikuja akaibeba, akamwachia nyingine tupu. Sekela alinipa uji. Nikanywa, nikasema ndaga, yaani asante, nikashika njia ya nyumbani.