Risasi Nzito za Callixte na Tupa ya Jumamosi

Mshauri wetu mpendwa, nimekosa mtu wa kumwuliza jambo hili hapa ughaibuni Merrylands kwa kuwa wote ninaowajua wanamjua pia Callixte, basi nakuletea wewe, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni Mkongo, kazi yangu ni ya bohari, na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha pamoja na Callixte, Mrundi wa Campbelltown ambaye ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wangu Aksanti. Sote wawili tuna leseni na tuna bastola za silinda zenye nguvu, zinazoitwa magnum, zile ambazo chuma cha mbele cha kulengea hakisogezwi wala hakipandishwi, unalenga nacho kama kilivyo. Yangu niliinunua kwa Mzee Ron, mwanachama wa zamani, na ndiye aliyenifundisha kujitengenezea risasi, yaani kuchukua maganda yaliyokwisha kutumika na kuyatia baruti kwa kipimo cha kitabu na kichwa kipya cha risasi juu yake, na mimi napenda vichwa vizito kwa sababu tunapiga sanamu za chuma zilizo mbali, na kichwa chepesi kinaweza kuigonga sanamu isianguke. Zangu zinaingia pale pale ninapolenga, mpaka watu wa klabu wananiita Fundi, na sikatai, jina hilo nalipenda.

Sasa kwetu mtu akipika hali peke yake, kwa hiyo mashindano yalipokaribia nikamtengenezea Callixte boksi zima, nikamwambia, "Tumia hizi, ndugu, achana na za dukani," akazipokea kwa mikono miwili. Siku ya mashindano risasi zake zikawa zinapita juu ya sanamu, moja baada ya nyingine, mpaka Peninah, yule Mkenya anayeandika alama, akamwuliza, "Kaka, kwani hao kasuku wanaoruka huko juu wamekukosea nini?" Watu wakacheka, Callixte naye akacheka, akasema, "Risasi za ndugu yangu ni nzuri sana, bastola yangu ndiyo mbaya." Kwao zawadi hailalamikiwi, na mimi nikaamini kweli ni bastola.

Juzi nikamsimulia Mzee Ron, akanitazama akasema, "Rafiki, ile bastola niliibadilisha chuma cha mbele, nikaweka kirefu, makusudi kwa vichwa vizito. Hukuona?" Sikuona. Nilidhani ni ufundi wangu. Na jana Callixte kanipigia simu kwa furaha kwamba amepata tupa, Jumamosi anakata chuma chake cha mbele ili risasi zishuke, na anataka niende tukikate pamoja kwa kuwa mimi ndiye Fundi.

Mke wangu Honorine anasema, "Baba Aksanti, acha mtu akate chuma yake, wewe ulimtuma?" Mimi nimefikiria nimtengenezee boksi jingine, la vichwa vyepesi, nimpe kimya kimya, apige, zikiingia ataiacha tupa mwenyewe na hakuna atakayeaibika. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi, Merrylands

*

Ndiyo, utakuwa umekosea, na nitakueleza kwa nini.

Mimi mwenyewe sipigi bastola, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimwuliza mtu anayezirekebisha kwa riziki yake. Anasema bastola huanza kuinua mdomo mara tu baruti inapowaka. Kichwa kizito huenda polepole, hukawia ndani ya mtutu, na kinapotoka mdomo umeshainuka zaidi, ndiyo maana hupiga juu. Chuma kirefu cha Mzee Ron kinakulazimisha kuanza na mdomo ulioinama kidogo, na hesabu inakaa sawa. Chuma cha Callixte ni cha kiwandani, kimewekwa kwa risasi za uzito wa kawaida. Akikifupisha, itambidi ainue mdomo ili akione, na risasi zitapanda juu zaidi ya siku ile. Rafiki yako anataka kuzishusha na yuko karibu kuzipandisha, tena kwa kukata kitu kisichorudi.

Sikulaumu kwa kutojua. Aliyenunua bastola inayopiga vizuri hana sababu ya kuichunguza. Wala sikulaumu kwa moyo wa kutoa. Lakini bwana, risasi si fufu. Fufu yako ataila yeyote atakayeketi nawe. Risasi uliyotengeneza umeitengenezea bastola moja, nayo ni yako. Kabla ya kumpa mtu mwingine hata moja, mwulize katibu wa klabu kama leseni zenu zinaruhusu. Hilo ulipaswa kuliuliza mwanzo.

Sasa boksi la pili. Callixte hawezi kulikataa, umesema mwenyewe kwamba kwao zawadi hailalamikiwi. Kwa hiyo unataka kuutumia uungwana wake kumficha ukweli. Zikiingia, ataamini kwamba Fundi amemwokoa kwa mara ya pili. Zisipoingia, atasema tena kwamba bastola yake ni mbaya, na tupa itafanya kazi. Njia zote mbili wewe hupotezi chochote. Yeye alisimama mbele ya watu, wakamcheka, akachagua kuitukana bastola yake kuliko kukuaibisha wewe. Unataka akufanyie hivyo mara ngapi?

Honorine anauliza kama ulimtuma. Mjibu kwamba hukumtuma, ila anakata kwa sababu ya boksi lako.

Fanya hivi. Leo mwambie Callixte maneno mafupi: "Usikate. Bastola yako ni nzima, risasi zangu ndizo hazikuifaa, na zangu zinaingia kwa sababu ya chuma alichokiweka Mzee Ron." Usiongeze utangulizi, usimzungushe. Risasi zilizobaki zirudi kwako. Jumamosi, badala ya kukaa nyumbani na tupa, nendeni uwanjani, apige shabaha ya karatasi kwa risasi za dukani za uzito wa kawaida, muone zinaangukia wapi. Zikikaa katikati, jambo limekwisha. Akitaka vichwa vizito, ampelekee fundi mwenye leseni amwekee chuma kirefu, na atengeneze risasi zake mwenyewe, wewe ukiwa kando kama Mzee Ron alivyokuwa kwako.

Halafu siku ya klabu simama ulieleze hilo mbele ya Peninah na wote waliocheka. Jina la Fundi huenda wakaacha kukuita. Vumilia.

Asipopokea simu, panda treni uende Campbelltown. Ni mbali, najua. Usitume meseji, na usimtume mkeo.