Mlango Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Saa nane juu ya maji, bahari imetulia kama sinia. Sikutapika. Kwa umri wangu hiyo nayo ni habari.

Makao makuu ya wilaya ni mtaa mmoja: ofisi, mahakama ya chumba kimoja (hakimu hukaa Alhamisi tu), zahanati, ghala, nyumba ya wageni yenye vitanda vinne. Barabara kilomita tisa, gari moja. Mhudumu wa nyumba ya wageni anasema hawajawahi kupata ajali, maana gari litagongana na nani?

Kazi yenyewe niliyotumwa na gazeti: tume ya mipaka inafanya ukaguzi Jumamosi. Itaamua wilaya ibaki au iunganishwe na ile ya bara. Sheria inataka kata tano zinazokaliwa na watu. Visiwa ni vitano, kila kimoja ni kata. Kikitoka kimoja, wilaya imekwisha. Ofisi, hakimu, daktari na boti vinahamia ng'ambo. Mama mwenye uchungu atavuka kwa muda wa saa nane kumtafuta daktari.

Kinachobishaniwa ni kisiwa cha tano. Na hapa ndipo pabaya. Kwenye faili la tume, Kiambatisho C ni makala yangu, ya miaka kumi na tisa iliyopita. “Kisiwa cha tano ni mahame. Nyumba thelathini na nne, hakuna hata moja yenye mlango.” Maneno yangu hayo. Nilikaa pale saa moja.

Nilitegemea kununiwa. Hakuna aliyenitambua! Nimepumua. Si ushujaa, najua.

Jumanne, 5 Machi

Nilipumua mapema. Katibu wa wilaya alinipokea mlangoni — mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi — akanivutia kiti.

“Karibu, dada. Umechelewa miaka kumi na tisa, lakini chai ipo.”

Makala yangu anayo kwenye droo. Ameitia plastiki isiliwe na wadudu. Hakunisema. Nilitamani angenisema.

Ukutani pana ramani ya serikali. Inaishia kisiwa cha nne. Karatasi iliishia hapo, anasema, na mchoraji naye akaishia hapo. Kisiwa cha tano amekichora mwenyewe kwa kalamu, ukutani, nje ya karatasi, kwa vipimo sahihi. Mwaka juzi fundi wa rangi alipopaka ofisi alikizunguka kwa brashi ndogo. Sasa kimebaki kwenye duara la rangi ya zamani.

Nikamuuliza wilaya ina ukubwa gani. Nchi kavu kilomita za mraba sitini na moja. Maji, zaidi ya elfu nne. “Mimi ni katibu wa maji,” anasema. “Watu wamo ndani yake.”

Nikauliza moja kwa moja: cha tano kina watu au hakina? Akasema jibu la swali hilo linategemea mwezi gani. Kesho niende cha nne, nijionee. 

Jumatano, 6 Machi

Boti ya wilaya inaendeshwa na mtu wanayemwita Dizeli. Yeye anasema ni kwa sababu ya kazi. Abiria wanasema ni harufu.

Kisiwa cha nne tumefika saa tano asubuhi. Shule, tangi la maji, nyumba nyingi kuliko nilivyotegemea. Nyuma ya shule, chini ya turubai, milango. Milango mitupu! Imesimamishwa kwa mstari juu ya magogo, kama watu wanaosubiri zahanati. Nikahesabu. Thelathini na nne.

Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipaka bawaba mafuta kama hapa pana karakana ya seremala. Alicheka mpaka akaweka chupa chini.

“Seremala! Mdogo wangu, hii ni milango ya watu. Wenyewe wanaishi kisiwa cha tano. Huu wangu.” Akaupiga kofi mlango mmoja mzito, ubao mweusi. Kwenye ukingo wake, kwa patasi, pamechongwa 14.

Wanamwita Bi Bawaba. Ni mkunga, na mafuta ya bawaba za kisiwa kizima ni jukumu lake. Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza. Katikati ya Januari kisima cha kisiwa cha tano kinaingia chumvi. Watu wote wanahamia hapa, kwa ndugu zao, mpaka mvua za Aprili zikisafishe. Hufanya hivyo kila mwaka. Na kila mtu anaondoka na mlango wake. Ukiuacha umefungwa, upepo unakosa pa kupita, unainua paa. Ukiuacha wazi, unajipiga mpaka unavunjika, na kule hakuna mti wa kutoa ubao mwingine. Kwa hiyo mlango unang'olewa, upepo unapita ndani kwa adabu, paa linabaki. Namba imechongwa mlangoni na kwenye mwimo, nguzo ya kando ya tundu lake, ili Aprili kila mlango urudi nyumbani kwake.

“Na nani anakunywa maji ya kile kisima wakati huo?” niliuliza, kwa kukosa la kusema.

“Hakuna. Mimi nimekula chumvi nyingi, tena ya kisimani. Inatosha.”

Niliangalia daftari langu la zamani, nimekuja nalo. Tarehe ya ziara yangu: 11 Machi. Nahodha wa siku ile alikuwa anakimbilia maji kabla hayajapwa, hatukupitia cha nne. Sikumuuliza mtu. Hapakuwa na mtu wa kuuliza, nikadhani hilo ndilo jibu.

Nikamwambia: ni mimi niliyeandika.

“Tunajua. Jina lako hapa tunalijua kuliko la mbunge.” Akaendelea kupaka mafuta. “Ulipiga picha hadi ndani kwangu. Uliingia bila hodi.”

“Hapakuwa na mlango, dada.”

“Mlango haukuwapo. Nyumba ilikuwapo.”

Nilifunga daftari. Kisha akanipa chupa ya mafuta, akanionyesha namba 15. Nimepaka bawaba sita. Ajabu, nilijisikia nafuu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao shuleni, madawati ya watoto, magoti ya watu wazima yanagonga videvu. Mtendaji wa kata ya tano ana mpango: kesho wote warudi, milango itiwe, majiko yawashwe, tume ikute moshi. Siku moja tu! Maji watachukua kwa madumu. Wengi waliitikia. Dizeli alishaanza kuhesabu safari.

 Mimi nikitangaza hila hiyo, nawaangusha mara ya pili. Nikinyamaza, naandika uongo, safari hii kwa kujua. Miaka thelathini ya kazi, na sikuwa na la kufanya na kalamu zaidi ya kuifunika.

Bi Bawaba ndiye aliyesimama. Alisema yeye harudi mwezi wa tatu. Mama yake hakurudi mwezi wa tatu, wala bibi yake. “Mkimwonyesha yule mzee wa tume moshi, atauliza maji mnakunywa wapi. Mtampeleka kisimani? Akionja?” Watu wakacheka. “Njia ya mwongo fupi, na kisiwa chetu ni kifupi zaidi. Tuseme tunavyoishi.”

Mtendaji alinuna, lakini alikaa. Mimi nilipumua kwa sauti, jirani yangu wa dawati akageuka.

Basi wakageukia ushahidi. Sheria haikatazi kuhama kwa msimu. Katibu, akiwa ofisini kwake, alitusomea kwa redio ya boti, kifungu kwa kifungu. Ila inataka kata iwe imekaliwa miaka kumi na tano bila kukatika. Lipo daftari la milango: namba, mwenye nyumba, tarehe ya kung'oa, tarehe ya kurudisha. Limeandikwa vizuri kuliko madaftari mengi niliyoyaona ofisini. Lakini lina miaka kumi na miwili. La kabla yake lililiwa na mchwa.

Miaka mitatu inakosekana. Na kabla ya hiyo mitatu yupo shahidi mmoja tu, kwa maandishi, anayesema pale ni mahame.

Hakuna aliyenitazama. Wana adabu.

Nimekumbuka picha. Kulikuwa na picha.

Ijumaa, 8 Machi

Simu hapa inashika sehemu moja: ngazi ya tangi la maji, kipandio cha tano, uso kaskazini. Kuna foleni. Mbele yangu mwalimu alikuwa anaposa, nadhani. Alishuka anatabasamu.

Nilimpigia shoga yangu wa maktaba ya gazeti. Tuliajiriwa mwezi mmoja, yeye huhifadhi kila kitu. Nilimpa tarehe. Picha iliyotoka inaonyesha tundu la mlango na giza ndani, basi. Upande wa kulia ulikatwa ili tangazo lipate nafasi. Tangazo la rangi za nyumba! Nilitaka filamu nzima.

“Shoga, una bahati nilikataa kustaafu,” alisema.

Kisha mhariri. Nilimwambia nataka masahihisho, Jumapili, ukurasa uleule. Akasema nani anasahihisha habari ya miaka kumi na tisa, wasomaji wake wameshakufa. Nikamwambia waliotajwa hawajafa. Akauliza maneno mangapi. Sitini yanatosha.

Nikangoja nusu saa, nikipisha watu kwenye ngazi. Picha iliingia kidogo kidogo kutoka juu. Ameibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, akaipiga kwa simu, kwa hiyo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Paa. Ukuta. Tundu la mlango, linang'aa kama taa. Halafu upande wa kulia, ule uliokatwa, mwimo. Nikakuza kwa vidole viwili.

14.

Namba ilikuwapo siku ileile niliyoandika mahame: pengo la miaka mitatu limezibwa pande zote mbili. Nimepiga kelele juu ya tangi. Mwanamke mzima! Bi Bawaba alikuja mbio, akidhani nimeanguka. Nilimpa simu. Aliitazama sana, kwa mbali, kisha kwa karibu.

“Kumbe ulituona,” alisema.

Nimetuma kwa katibu. Amejibu kwa neno moja: Alhamdulillahi. Kisha ujumbe wa pili: Tume imefika, mwenyekiti hacheki.

Jumamosi, 9 Machi

Kisiwa cha tano. Naandika nimekaa sakafuni, ndani ya namba 14. Nianze mwanzo.

Boti mbili. Ya tume, watu watatu. Mwenyekiti wao ni mpima ardhi mstaafu, kofia kichwani, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, futi ya chuma kiunoni. Ya Dizeli: katibu, mtendaji, Bi Bawaba, mimi — na mlango mmoja. Mmoja tu. Mtendaji aliomba angalau mitano. Bi Bawaba alisema kesi haishindwi kwa wingi wa milango.

Mwenyekiti alianza kazi bila salamu ndefu. Nyumba ya kwanza, akaingia, akatoka: “Tupu.” Ya pili: “Tupu.” Karani wake anaandika. Anaingia tu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ghala. Hivyo hivyo nilivyoingia mimi. Nilijiona kwa mgongo, haikupendeza. Katibu alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Nyumba kumi na tatu tupu. Ya kumi na nne, Bi Bawaba alisema, “Mzee, ngoja kidogo.”

Dizeli na mtendaji wakaubeba mlango kutoka ufukweni. Wakauinua. Bi Bawaba akaongoza kwa kidole, juu kidogo, kushoto — bawaba zikaingia zenyewe, mbili kwa mpigo, bila nyundo. Aliusukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukarudi. Haukulia hata kidogo.

Mwenyekiti alisogea. Akapima pengo la juu, la chini. Akapitisha kidole kwenye namba ya mlango, kisha kwenye namba ya mwimo. Katibu akampa daftari. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, miaka kumi na miwili yote, kwa kusimama, juani.

“Na kabla ya hapa?”

Zamu yangu. Nikampa simu. Nikamwambia mwandishi wa Kiambatisho C ni mimi, nilikosea, filamu ni yangu, tarehe ni hiyo, masahihisho yanatoka kesho.  

“Ulikuwa hapa muda gani?”

“Saa moja.”

“Uliuliza?”

“Hapana.”

Aliitazama picha, akautazama mwimo, akaitazama tena. Kisha akanitazama mimi, si kwa ukali. Akasema hata wao walipangiwa nusu saa.

Ameenda na wenzake wawili pembeni, upande wa kisimani. Wamesimama vichwa pamoja. Mmoja ameteka maji kwa kiganja, ameonja — ametema! Dizeli amecheka, katibu amemkanyaga mguu.

Bi Bawaba ameniambia niingie ndani, jua kali. Nimeingia. Amefunga mlango nyuma yetu. Chumba kimekuwa chumba. Mwanga unaingia kwa mstari mmoja chini. Amekaa juu ya mawe ya jiko, mikono mapajani, chupa ya mafuta miguuni. Nimemuuliza kama anaogopa. Anasema ameshapokea watoto mia mbili na kitu, kungoja anakujua.

Dakika kumi. Kumi na tano.

Sauti za nje zimekoma. Nyayo kwenye changarawe, za mtu mmoja, nzito. Zimekuja mpaka mlangoni. Zimesimama. Kofia inavuliwa, nadhani, kitu kimekwaruza.

Anagonga. Mara tatu, polepole.

“Hodi, wenyewe!”

Bi Bawaba hajainuka bado. Ananitazama, anatengeneza kitambaa chake kichwani, bila haraka yoyote.