Juu ya Kulabu

Golcar, Yorkshire
9 Machi 1976

Mdogo wangu mpendwa Clement,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi yangu Dorcas na watoto mnaendelea vyema huko Australia. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunisumbua mvua ikinyesha, na unajua mvua ya hapa haikati.

Habari kubwa ni kwamba mwaka jana nilianza kwenda darasa la watu wazima. Kila Jumanne tunakutana watu wanane katika chumba cha nyuma cha maktaba, na anayetufundisha ni Bi Lumb, msichana mpole sana. Juma lililopita alituandikia ubaoni misemo yetu ya kila siku, akatuuliza kila msemo ulitoka wapi. Tulipofika kwenye ule wa mtu mwenye wasiwasi, kwamba yuko juu ya kulabu, Norris mwenye bucha aliwahi kujibu kuwa ni kulabu zake za kutundikia nyama. Watu wakacheka.

Nikasema sivyo. Akanigeukia: “Na wewe dada, umeyatoa wapi hayo? Si juzi tu umejua kuandika jina lako?”

Nilisimama, Clement. Niliwaeleza jinsi babu yetu Enoch alivyokuwa akichukua kitambaa cha sufu kikiwa kibichi, kimetoka kufuliwa kiwandani, akakiwamba uwanjani kwenye mbao zenye kulabu juu na chini, kikauke bila kurudi. Hukaa kimevutwa hivyo kutwa, wala hakipati kulegea. Ndivyo alivyo mtu anayesubiri habari. Bi Lumb akafungua kamusi, akasoma kimya, kisha akasema, “Bi Sugden amepatia.” Akaniita ubaoni niuandike msemo huo mwenyewe. Norris akanong'ona, “Haya mama, nimekoma. Kesho pitia soseji zako dukani.” Nilizipitia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Barua zote ulizopata kwangu ziliandikwa na marehemu mume wangu, Stanley. Mimi nilisema, yeye akaandika. Nilipoanza kazi kiwandani wewe ulikuwa bado unatambaa, hukupata kujua kwamba dada yako hajui kusoma. Stanley alipofariki, mchungaji ndiye aliyekupa taarifa. Barua zako tatu zilizofuata niliziweka kwenye droo bila kuzifungua, miaka miwili, kwa kuona haya kumwomba jirani anisomee.

Jumapili nimezisoma, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kidole chini ya kila neno. Ndipo nilipojua kuwa ulilazwa hospitali, na kwamba ulikuwa ukiniuliza umenikosea nini. Hukunikosea kitu. Nililia, nikaendelea kusoma. Nisamehe, ndugu yangu. Katika ile ya mwisho, iliyofika Krismasi, unasema utakuja Agosti iwapo nitakujibu.

Basi nakujibu. Njoo. Chumba cha mbele ni chako.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Makosa utakayoyaona humu ni yangu yote, hakuna aliyenisaidia.

Dada yako akupendaye,
Hilda