Pilipili Machoni

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Habari zako nazipata kwa watu tu, wanasema mgongo umetulia, nimefurahi. Sisi tu wazima, ila mimi nina deni kwako.

Bado natafsiri filamu ukumbini. Nakaa kibandani na kipaza sauti, mdomo wangu mmoja unakuwa bibi, mtoto na jambazi. Juzi ililetwa filamu ya bondia aliyefiwa na baba yake. Jamaa anakaa sakafuni bafuni, glavu bado mkononi, analia mpaka makamasi, dakika nne nzima. Mwenye ukumbi akaniambia wateja wamekuja kuona ngumi, kwake dume halilii. Nikamuuliza makamasi yale niyapeleke wapi. Akasema fundi wa maneno ni mimi.

Basi nikawaambia watu kwamba maadui wamempakia pilipili kwenye taulo, na hapo anaapa kuwamaliza mmoja mmoja. Miluzi ikapigwa. Wanaume wazima, na vitambi vyao, wakampigia makofi mfiwa. Nyuma kabisa fundi magari mmoja alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Jirani yake alipomtazama, akasema hata yeye imemwingia pilipili. Nikageuza uso nisimwone.

Maana uongo ule sikuutunga juzi. Siku tuliyomzika mama, ulipolia na wajomba wakaanza kukonyezana, aliyewaambia una ugonjwa wa macho ni mimi. Niliona aibu kuwa kaka yako. Shangazi aliniamini, maskini, akakulaza na kukutia dawa ya matone mbele ya watu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ukaondoka siku hiyohiyo, na miaka sita sasa humsalimii shangazi ukidhani uongo ni wake, kumbe mkosaji yuko hapa. Baada ya kuwaambia nilijifungia chooni, nikang'ata taulo nisisikike.

Jana filamu ilirudiwa. Ilipofika bafuni nikazima kipaza sauti, bondia akalia kwa sauti yake mwenyewe. Ukumbi ulizomea, mwenye ukumbi akagonga mlango wa kibanda kama polisi. Sikufungua. Fundi magari alikuwepo tena, yeye hakuzomea.

Jumamosi nitakuja, ukinifukuza nitakuja tena. Wasalimie wanao. Wakiuliza baba mkubwa ana nini machoni, waambie ukweli.

Kaka yako,
yule wanayemwita Radi ukumbini