Ramani ya Umande

Tabora, Jumapili ya Julai. Baridi tangu asubuhi, na upepo unaoleta vumbi mpaka kwenye chai.

Sina huzuni leo. Nimechoka tu.

Baada ya misa nilikaa na binti yangu Veronika tukachora ramani ya Umande. Umande haipo popote. Ni nchi aliyoibuni marehemu mke wangu, Maria, akimsimulia mtoto jioni nilipokuwa zamu stesheni. Tangu tumzike, Veronika hunitaka niendeleze hadithi, nami naharibu. Namvusha mtu mto usiokuwepo. Nikaona afadhali tuichore nchi nzima nyuma ya kalenda ya zamani, ile yenye picha ya Mfalme wa Uingereza, tujue kila kitu kiko wapi.

Kilichotushinda ni mji wa Kwa Kasonso. Veronika aliuweka kando ya mto, kisha nyuma ya milima, kisha karibu na ziwa. Nikamwambia mji hauwezi kuwa mahali patatu. Moyoni nikasema labda Maria alikuwa anasahau, kwa ugonjwa ule wa mwisho.

Mtoto akanitazama kama ananihurumia.

"Baba, si mtemi alikufa? Wakahama. Hapa na hapa ni mahame, hakai mtu. Jina walikwenda nalo."

Niliona aibu. Kijiji chetu chenyewe kilihama babu, mkuu wake, alipofariki. Mimi nilibeba kuku. Lakini reli imenizoesha vibaya. Stesheni haihami, na jina lake limeandikwa kwa rangi ubaoni.

Kuna jambo nimemficha wiki nzima. Wananihamishia Urambo, ambako mashamba mapya ya karanga yameleta mizigo mingi kuliko watu wa kuipokea, na kesho stesheni masta anataka jibu. Nilishapatana na shemeji yangu, mdogo wake Maria, abaki na mtoto hapa mjini. Kuna shule, na kaburi la mama yake liko karibu. Nilijiambia ni kwa faida yake.

Ukweli ni kwamba naogopa kumlea peke yangu.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wa Umande wakihama humwacha nani.

"Hawamwachi mtu," alisema, huku anakoleza ziwa kwa penseli. "Wanaacha makaburi tu."

Nikamweleza habari za Urambo. Hakulia. Aliuliza kama kisima kiko karibu, na kama mama mdogo atakuja kututembelea. Haikumpitia akilini kwamba ningeweza kwenda bila yeye, nami sikumwambia.

Kesho nitamkubalia stesheni masta, kisha nitakwenda kwa shemeji kuvunja mapatano yetu. Atanuna. Anune.

Jioni nilipita makaburini. Niling'oa majani kwenye kaburi la Maria, nikasimama kumuaga.

Yakiota tena, atayang'oa nani?