Fedha za Kuponi, Fundi wa Kitasa

Siham mwanangu, usiingie jikoni peku. Vigae vya chupa bado vimetapakaa. Wali umo ndani ya friji.

Asubuhi baba yako aligundua chupa niliyotilia fedha nilizodunduliza kwa kuponi za punguzo la bei dukani. “Kumbe mwizi ninalala naye!” Akaipasua ukutani, kisha akanigeukia kwa ngumi. Nimepanda basi kwenda hospitali ya Lewisham nishonwe nyusi.

~~Mwambie nimemsamehe.~~ Usimwambie kitu.

Fedha nimeziokota, zimo ndani ya birika. Nilikuwa nikikuwekea za joho la mahafali, niwie radhi. Saa kumi atakuja fundi kubadilisha kitasa. Mlipe hizo.

Baba yako akigonga, usimfungulie, hata akilia. Hulia vizuri sana.

Mama yako